KIBARUA ASTAHILI UJIRA WAKE
Fundisho la Kanisa Katoliki juu ya kazi na mali, tangu barua ya mwaka 1891 hata leo

Mtu mwenye njaa huuza nguvu zake kwa bei yo yote atakayotajiwa. Akitajiwa shilingi mia tano atakubali, na akitajiwa mia mbili atakubali vile vile, kwani watoto waliomo nyumbani hawajui kungoja. Jioni, yule aliyempa kazi humlipa kama walivyoagana, naye husema moyoni kwamba amekwisha timiza wajibu wake: hakumshurutisha mtu, hakupunguza senti, wala hakuchelewesha malipo. Je, ni kweli kwamba haki yote imetimizwa hapo?

Swali hili lamgusa kila aajiriwaye na kila aajiriye, awe wa dini gani. Waislamu wamefundishwa kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Katika Agano Jipya, Waraka wa Yakobo waonya kwamba ujira waliodhulumiwa wavunaji humlilia Mungu. Mafundisho hayo ya kale yanamhukumu yule anayezuia malipo. Lakini nini kisemwe juu ya malipo yaliyotolewa kamili, kama yalivyopatanwa, nayo hayatoshi kumlisha aliyeyafanyia kazi? Kanisa Katoliki lilijibu swali hilo kwa maandishi mwaka 1891. Jibu lilianza kwa kibarua wa kiwandani huko Ulaya, likamfikia mkulima shambani, kisha likafika katika biashara ya mataifa. Yafaa lifuatwe hatua kwa hatua.

ULAYA YA MASHINI

Katika karne ya kumi na tisa mashini za mvuke zilibadili maisha ya Ulaya. Watu kwa maelfu waliacha mashamba wakaenda mijini kutafuta kazi viwandani na migodini. Hapo zamani mafundi wa kila kazi walikuwa na vyama vyao vilivyowalinda. Vyama hivyo vilikuwa vimekwisha vunjwa: Ufaransa ilivipiga marufuku kwa sheria mwaka 1791, wala wafanyakazi wake hawakuruhusiwa na sheria kuunda vyama vya kutetea kazi zao mpaka mwaka 1884. Kwa hiyo kila mtu alisimama peke yake mbele ya mwenye kiwanda. Wataalamu wengi wa siku zile walifundisha kwamba kazi ni bidhaa kama pamba au makaa, na bei yake huwekwa na soko. Karl Marx na Friedrich Engels walitoa jibu lao mwaka 1848, nalo lilikuwa kwamba mali ya viwanda na mashamba isiwe tena ya watu binafsi.

Baadhi ya viongozi Wakatoliki walianza kutenda kabla Roma haijasema neno. Katika Ujerumani, padre Wilhelm von Ketteler, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Mainz, alihubiri mwaka huo huo wa 1848 kwamba mwenye mali ameaminiwa na Mungu kuitunza kwa faida ya wote. Katika Marekani, Kardinali James Gibbons alitetea chama kikubwa cha wafanyakazi mwaka 1887, ili Kanisa lisikilaani.

Kisa kilichojulikana zaidi kilitokea London mwaka 1889. Makuli wa bandari ya mji ule walikuwa wakisimama langoni kila siku, wakigombea kuchaguliwa kwa kazi ya saa chache tu. Mwezi wa Agosti waligoma wakidai peni sita kwa saa. Wengi wao walikuwa watu wa Ireland, Wakatoliki. Kardinali Henry Manning, mzee wa miaka 81, alikwenda mwenyewe baina ya makuli na wenye bandari, akawasihi mpaka mwezi wa Septemba walipopatana, na makuli wakapata zile peni sita. Matajiri kadha wa kadha walishangaa kumwona askofu mkuu katika shughuli za bandarini.

BARUA YA PAPA LEO XIII

Kuna barua kuu ambazo Papa huwaandikia maaskofu na waamini wa dunia yote. Papa Leo XIII alikuwa amekwisha tumia barua za namna hiyo kuwasemea watu wasiolipwa ujira wo wote. Mwaka 1888 aliwaandikia maaskofu wa Brazil juu ya kukomeshwa kwa utumwa, na mwaka 1890 aliandika tena juu ya watumwa wa Afrika. Hayo yalikuwa mageuzi ya kweli, kwani mwaka 1452 Papa Nikolasi V alikuwa amempa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwatia utumwani wasio Wakristo.

Tarehe 15 Mei, 1891, Papa Leo alitoa barua iitwayo kwa Kilatini Rerum Novarum, maana yake, juu ya mambo mapya. Ndani yake alikataa shauri la kuwanyang'anya watu mali zao. Alisema kwamba mtu ana haki ya kuwa na shamba na nyumba yake, na kibarua mwenyewe hutumaini kuweka akiba siku moja anunue kipande cha ardhi. Lakini papo hapo alisema kwamba mali, ijapokuwa ina mwenyewe, imefungamana na wajibu kwa wenye shida. Alisema pia kwamba wafanyakazi wana haki ya kuunda vyama. Kwamba watoto wasitiwe viwandani kabla miili yao haijakomaa. Na kwamba Serikali imepasiwa kuwalinda maskini zaidi ya wengine, kwa kuwa tajiri ana njia nyingi za kujilinda mwenyewe.

Neno lenye uzito kuliko yote lilikuwa lile la ujira. Papa Leo aliitazama kazi kwa pande mbili. Kwa upande mmoja, kazi ni ya mtu mwenyewe, maana nguvu ni zake, naye aweza kuzitoa kwa bei apendayo. Kwa upande wa pili, kazi ni ya lazima, maana maskini hana njia nyingine ya kuishi, na kuhifadhi uhai ni wajibu wa kila mtu. Basi, kama ungekuwapo upande wa kwanza tu, mapatano ya hiari yangetosha. Lakini pande zote mbili zipo siku zote. Kwa hiyo, juu ya mapatano iko haki iliyo kubwa zaidi: ujira usiwe mdogo hata usiweze kumtunza mfanyakazi mwangalifu. Mtu akikubali chini ya hapo kwa ajili ya hofu au shida, ameshurutishwa, hata ikiwa hakuna aliyemshika mkono.

Barua hii ilichelewa. Ilitoka miaka 43 baada ya jibu la Marx na Engels, na wafanyakazi wengi wa Ulaya walikuwa wamekwisha lipa Kanisa kisogo. Tena haikutaja kipimo cha ujira, kwa sababu nchi na kazi hazilingani. Hata hivyo ilivunja ile kauli ya kwamba kazi ni bidhaa tu.

UJIRA WA MSEJA NA UJIRA WA NYUMBA

Miaka 40 ilipita, nayo biashara ya dunia ikaporomoka mwaka 1929. Mwaka 1931 Papa Pius XI alitoa barua nyingine, Quadragesimo Anno, akaongeza mambo matatu. Kwanza alisema wazi kwamba ujira wa mtu mzima umtoshe yeye na jamaa yake. Pili alisema kwamba hali ya kazi nayo itazamwe, kwani si haki kudai ujira utakaoiangusha. Lakini ikiwa mwajiri hawezi kulipa vizuri kwa kuwa naye ameshurutishwa kuuza bidhaa zake kwa bei isiyo ya haki, basi kosa ni la hao waliomshurutisha. Tatu alifundisha kwamba jambo linaloweza kufanywa na watu wenyewe, au na chama chao kidogo, lisinyakuliwe na mamlaka kubwa. Kazi ya mkubwa ni kumsaidia mdogo pale asipoweza.

Lile neno la kwanza laeleweka vyema katika Kenya. Wakati wa utawala wa Waingereza, mshahara wa Mwafrika mjini ulipimwa kana kwamba yeye ni mseja. Ilidhaniwa kwamba mke na watoto wamebaki shambani, wakijilisha wenyewe, na kwamba mwanamume atarudi kwao kazi ikiisha. Mwaka 1954 kamati ya Serikali iliyoongozwa na Kamishna wa Kazi, F. W. Carpenter, ilitoa taarifa yake juu ya mishahara ya Waafrika. Ilionyesha kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa nje ya Serikali walilipwa pungufu ya mahitaji ya lazima, nayo ikashauri kwamba kipimo cha mseja kiachwe, mshahara wa chini upimwe kwa mtu mwenye jamaa. Kamati ile haikuwa ya Kanisa, walakini ilifika penye neno lile lile la mwaka 1931.

Mwaka 1955 makuli wa Mombasa waligoma, kama wale wa London miaka 66 kabla yao. Aliyewasaidia kufikia mapatano ni Tom Mboya, kijana aliyesoma katika shule za misheni za Kikatoliki, mojawapo ikiwa ile ya Mangu, naye wakati huo alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Makuli wakaongezewa mishahara.

MKULIMA NAYE

Hata hapo fundisho lilikuwa limesema zaidi juu ya mtu wa mshahara. Mkulima mdogo hana mwajiri. Nani basi atamdhulumu? Papa Yohane XXIII, mtoto wa wakulima wa kijiji cha Sotto il Monte kaskazini ya Italia, alilijibu hilo tarehe 15 Mei, 1961, katika barua Mater et Magistra. Alieleza kwamba kilimo kilikuwa kimeachwa nyuma ya viwanda, vijana wakakimbilia mijini, na waliobaki wakajiona watu duni. Alitaka mashamba yapate barabara, maji safi, shule na matibabu. Kodi itazame kwamba mapato ya mkulima huja polepole tena kwa hatari nyingi. Mikopo yenye riba nafuu ipatikane. Na bei za mazao zilindwe. Tena alisema kwamba wakulima wenyewe ndio wawe wa kwanza katika kujiinua, kwa kuungana katika vyama vya ushirika, kwani sauti ya mtu mmoja mmoja haisikiki.

Njia hiyo ilikuwa imekwisha jaribiwa. Katika Nova Scotia, nchi ya Kanada, padre Moses Coady na wenzake wa chuo cha Mtakatifu Fransisko Xavier walikuwa wamewakusanya wavuvi, wachimba makaa na wakulima katika vikundi vya kusoma tangu miaka ya 1920 na 1930. Walisoma hesabu za bei: samaki alinunuliwa kwao kwa kiasi gani, akauzwa mjini kwa kiasi gani, na tofauti ilikwenda wapi. Baada ya kusoma walianzisha vyama vya kuuza pamoja na vya kuweka na kukopa fedha. Mwaka 1959 chuo kilifungua taasisi yenye jina la Coady, nayo imewafundisha watu kutoka nchi nyingi za Afrika. Mkenya aliye mwanachama wa chama cha akiba na mikopo atatambua mara moja utaratibu huu.

BIASHARA YA MATAIFA

Lakini hata chama cha ushirika chenye hesabu safi huuza katika soko ambalo hakikuliunda. Hapo ndipo hatua iliyofuata ilipofanyika. Papa Paulo VI alikuwa amezuru Amerika ya Kusini, Afrika na India, akaona umaskini kwa macho yake. Mwezi wa Machi, 1967, alitoa barua Populorum Progressio, juu ya maendeleo ya watu. Alilichukua neno la Leo XIII juu ya kibarua na mwajiri, akalitumia kwa mataifa. Kama mapatano ya mtu mwenye njaa na mwenye shibe hayawi ya haki kwa sababu ya kukubaliana tu, basi hata mapatano ya nchi iuzayo mazao ghafi na nchi iuzayo mashini hayawi ya haki kwa sababu soko ni huru. Nguvu za wanaopatana zikipitana mno, uhuru wa soko peke yake hautoshi.

Wakulima wa kahawa waweza kulipima neno hilo kwa mambo yaliyotokea. Kwa miaka mingi mapatano ya mataifa yaligawanya kiasi cha kahawa ambacho kila nchi ingeuza, na bei ikashikwa isianguke. Mwezi wa Julai, 1989, migao hiyo ilisimamishwa, na bei ya dunia ikaanguka vibaya. Mavuno ya Kenya, yaliyokuwa yamepita tani 120,000 katika mwaka mmoja wa miaka ya 1980, yalishuka mpaka yakawa chini ya nusu ya hapo. Bei haikuwa sababu peke yake: vyama vingine viliharibiwa na viongozi wao wenyewe, na mashamba mengine yakageuzwa viwanja vya nyumba. Lakini mkulima aliyeng'oa mikahawa yake hakuwa amefanya kosa lo lote juu ya bei ile.

Mwaka 1970 Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa Tanzania na Mkatoliki, aliwahutubia masista wa Maryknoll huko New York. Aliwaambia kwamba Kanisa lisipojiunga waziwazi na wanaopigana na hali zinazowafanya watu maskini, litakuwa kitu kisicho na maana kwao. Mwaka uliofuata, maaskofu waliokutana Roma walikiri kwamba anayesema juu ya haki imempasa awe na haki mwenyewe kwanza, nao wakataka wanaolitumikia Kanisa wapate riziki ya kutosha. Kila parokia yenye mwalimu, mpishi au katekista ina kipimo chake hapo.

KUTOKA MACHIMBO YA MAWE HATA KANGEMI

Papa Yohane Paulo II aliijua kazi ya mikono, kwani wakati wa Vita vya Pili alifanya kazi katika machimbo ya mawe na kiwanda cha madawa ya kemia huko Kraków. Katika barua Laborem Exercens ya mwaka 1981 alifundisha kwamba mtu ni mkubwa kuliko mtaji. Alieleza pia kwamba nyuma ya mwajiri aonekanaye wako wengine wasioonekana: sheria za nchi, makampuni makubwa na kanuni za biashara, ambazo humbana mwajiri hata asiweze kulipa vizuri. Hao nao watajibu. Mwaka 1991, baada ya tawala za Kikomunisti kuanguka Ulaya ya Mashariki, alikiri faida za soko, lakini akaonya kwamba yako mahitaji ya watu ambayo soko haliwezi kuyatimiza.

Mwaka 2015 Papa Fransisko alitoa barua Laudato Si', akafundisha kwamba kilio cha ardhi iliyoharibiwa na kilio cha maskini ni kimoja. Mwezi wa Novemba mwaka ule alifika Nairobi, akaenda mtaa wa Kangemi, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Hapo alisema juu ya ardhi, makao na kazi kuwa haki takatifu, na juu ya wale wanaojilimbikizia viwanja mpaka hutaka kunyakua hata viwanja vya michezo vya shule, wakati majirani wakikosa maji safi.

Mwezi wa Mei, 2025, alichaguliwa Papa mpya, naye akachukua jina la Leo XIV. Siku mbili baada ya kuchaguliwa aliwaeleza makardinali sababu: kama Leo XIII alivyokabili mambo ya mashini za mvuke, hivyo Kanisa sasa lapaswa kukabili mapinduzi mengine, yaletwayo na mashini zenye akili ya kuundwa. Jambo hili limekwisha fika Nairobi, ambako vijana wamelipwa kuzifundisha mashini hizo kwa kupanga maneno na picha, kwa kazi iliyoagizwa na makampuni ya ng'ambo. Makarani nao watakumbuka kwamba mashini za kwanza zilichukua kazi ya mikono, na hizi za sasa zaelekea meza ya karani.

KIPIMO KILICHO KARIBU

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya mapapa na mataifa tu. Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chasema kwamba kila mfanyakazi ana haki ya malipo ya haki, hali nzuri za kazi, kujiunga na chama na kugoma. Lakini sheria haiingii katika kila jiko na kila shamba. Mkulima anayelalamika, tena kwa haki, juu ya bei ya mnada, huwa naye ana wachumaji wanaolipwa kwa debe. Karani anayedai nyongeza ya mshahara huwa naye ana msichana wa kazi nyumbani. Wote wawili ni waajiriwa au wauzaji mbele ya mkubwa, nao ni waajiri mbele ya mdogo.

Kipimo cha mwaka 1891 ni kile kile hapo. Mwenye shamba asiulize tu, "Alikubali?" Aulize pia kwamba mchumaji huyo, akipeleka nyumbani malipo ya siku nzima, atanunua unga, mafuta na sabuni, na kubakiza cho chote cha daftari la mtoto? Ikiwa bei ya kahawa haimwachii nafasi ya kulipa zaidi, basi amwonyeshe mchumaji hesabu zake bila kuficha, na wote wawili waende pamoja kwenye mkutano wa chama kuuliza fedha zimekwama wapi. Ikiwa nafasi anayo, basi ule upungufu ni deni lake, ijapokuwa hakuna hakimu atakayemwita.